Sauti Isiyochezewa

Hakuna sauti ya tango iliyopendwa kama ya Carlos Gardel. Aliporekodi "Mi noche triste" mwaka 1917, muziki uliokuwa wa miguu ukapata kisa na huzuni ya kusimulia. Na alipofariki katika ajali ya ndege huko Medellín, Kolombia, tarehe 24 Juni 1935, mji wa Buenos Aires ulimlilia kama mwana wake wa kumzaa. Hata hivyo, mgeni aingiaye leo katika ukumbi wa dansi wa mji huo aghalabu atakesha asimsikie. Mteuzi wa santuri humwacha, wala si kwa dharau.

Sababu imo katika mizani. Gardel aliimbia masikio. Magitaa yalimngoja, alilivuta neno alipotaka na kulikata alipotaka, mfano wa mghani mbele ya hadhira yake. Mchezaji naye, aliyemkumbatia mwenziwe kati ya jozi nyingi zinazouzunguka ukumbi, anahitaji pigo la kuliamini.

Pigo hilo lilipata nguvu mpya mwaka ule ule wa msiba. Juan D'Arienzo alianza kurekodi na kampuni ya RCA Victor, na mwaka ukielekea ukingoni akamchukua mpiga piano Rodolfo Biagi, ambaye vidole vyake havikuacha mwanya bila ya kuujaza. Biagi aliondoka 1938. Hapa ndipo mteuzi mahiri anapotambulikana: jina la D'Arienzo halimtoshi, hutazama na mwaka. Santuri ya 1937 na ya 1950 ni za bwana mmoja, lakini miguu hazisemeshi lugha moja.

Kwani ada ni kupanga nyimbo tatu au nne za okestra moja, za kipindi kimoja, na ikiwa zina mwimbaji, awe yule yule. Fungu hilo huitwa tanda (msomaji wa pwani atalisikia neno hili kwa sikio jingine), na baina ya mafungu hupigwa kipande kifupi cha muziki usiokuwa tango, kiitwacho cortina, yaani pazia. Wakati huo jozi huachana. Mteuzi basi amedhaminiwa dakika kumi hivi za watu ambao pengine hawajuani hata majina. Akichanganya ovyo, huwavuruga wakiwa wamekumbatiana.

Mpenzi wa ushairi asidhani kuwa maneno yamefukuzwa ukumbini. Francisco Fiorentino, aliyeimba na Aníbal Troilo kutoka 1937 hadi 1944, anachezewa mno, na vivyo hivyo Ángel Vargas na okestra ya Ángel D'Agostino. Hawa walikubali kuwa ala miongoni mwa ala. Fiorentino huiacha bandoneoni imalize kauli yake, ndipo aingie, na beti za akina Homero Manzi hupita bila ya kumkwaza mtu hatua. Ni unyenyekevu ambao Gardel hakuuhitaji.

Usiku hufungwa kwa "La cumparsita", utungo wa Gerardo Matos Rodríguez wa Montevideo. Gardel naye aliurekodi mwaka 1924, ukiwa na maneno. Inayopigwa ni ya D'Arienzo, au ya Di Sarli, au ya Pugliese.