Mgeni wa Kutwa

Meli ya watalii ikishafunga gati Kilindini asubuhi, saa huanza kuhesabiwa. Abiria waliokodi ziara yao wenyewe, pengine watu wanne ndani ya gari moja na dereva anayewaongoza, watapita chini ya pembe za ndovu za Moi Avenue, wataingia Fort Jesus, watatembea Ndia Kuu na kununua viungo Marikiti, na kabla ya magharibi watakuwa wamerudi melini. Wapo wanaoibeza ziara hiyo, wakisema kwamba mji wa karne nyingi haujuliwi kwa kutwa moja. Mimi naona mgeni wa kutwa ni mkongwe hapa Mombasa kuliko ngome yenyewe, na kumbukumbu alizoacha zinaonyesha kwamba kinachoamua ataona nini ni mwenyeji aliyempata, zaidi ya saa alizokaa.

Mwaka 1331 Ibn Battuta alilala Mombasa usiku mmoja tu, akaendelea na safari ya Kilwa. Hata hivyo alitaja ndizi, ndimu na tunda tamu lenye kokwa kama ya zeituni, ambalo bila shaka ni zambarau. Alieleza kuwa nafaka ililetwa kutoka bara, na chakula cha watu kilikuwa zaidi ndizi na samaki. Akasimama mlangoni mwa msikiti: pana kisima kifupi, na maji huchotwa kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba wa dhiraa moja, sawa na kata tunayoijua. Anayetaka kuingia huosha miguu kwanza, kisha huifuta kwenye mkeka mnene uliowekwa mlangoni. Ni mambo madogo, lakini ni ya mtu aliyepokewa, akaonyeshwa njia ya kuingilia.

Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga nje ya mji huohuo na kuwatuma watu wawili nchi kavu. Mfalme aliwapokea vizuri, akaamuru watembezwe mjini. Katika nyumba ya wafanyabiashara wawili walionyeshwa picha, wakaamini kuwa ni ya Roho Mtakatifu na kwamba wenye nyumba ni Wakristo. Yaelekea walikuwa Wahindi, na picha ile ilikuwa ya ibada yao. Wageni hawa nao walitembezwa, lakini baina yao na mji hapakuwa na imani: Wareno walikuwa wameshapigana na watu wa Msumbiji, na usiku waogeleaji walizifuata meli zao ili wakate kamba za nanga. Aliyewatembeza alitekeleza amri ya mfalme, hakuwa mwenyeji wao, na wao waliona kile walichokuja nacho vichwani.

Itasemwa kwamba ulinganisho huu si wa haki. Ibn Battuta alikuwa Mwislamu kati ya Waislamu, tena alisimulia safari yake zaidi ya miaka 20 baadaye. Ni kweli dini ilimfungulia mlango. Lakini pwani hii ilikuwa na utaratibu wa kumpokea hata mfanyabiashara ambaye hakuna anayemjua. Ibn Battuta mwenyewe aliushuhudia Mogadishu: vijana waliikabili meli kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akampa mfanyabiashara mmoja na kutangaza kuwa huyu ni mgeni wangu. Tangu hapo mgeni alikaa kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye aliyemsimamia katika kuuza na kununua. Aliyemlalia mgeni bei, au kumuuzia kitu mwenyeji wake asipokuwapo, biashara yake ilihesabiwa batili. Nyumba za mawe za Lamu zinatoa ushahidi uleule: daka mlangoni la kumpokea mtu kabla hajaingia ndani, na sabule ya kumlaza, kwa kuwa aliyeletwa na kaskazi alisubiri kusi miezi mingi.

Stima ndiyo iliyokata kipindi hicho cha kusubiri. Mwaka 1872 meli za barua za Kiingereza zilianza safari za Zanzibar kwa ratiba, na abiria hakuhitaji tena kungoja upepo. Mwanzoni mwa karne ya 20 aliyeshuka Mombasa alipandishwa kigari chenye kipaa cha turubai, kikipita juu ya reli nyembamba barabarani, wanaume wakikisukuma kwa mbio. Fikiria mpangilio huo: watu wanaoujua mji wako nyuma ya mgongo wa mgeni, pumzi zimewaishia, hawana nafasi ya kumwambia neno. Kwa hiyo anayeongoza watu wanne leo, akiwaeleza na kujibu maswali yao, anamrudisha mwenyeji mahali pake, mbele ya mgeni.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha: dereva huyu amelipwa, na pengine dukani atapewa kamisheni kwa kila kinyago kitakachouzwa, basi uwenyeji uko wapi? Jibu ni kwamba hata mwenyeji wa Mogadishu hakufanya kazi ya thawabu. Alikuwa mtu wa soko, na mgeni alikuwa riziki yake. Methali yetu, mgeni njoo mwenyeji apone, haioni aibu kulisema hilo. Alichozidi nacho mwenyeji huyo ni dhamana, maana mgeni akipunjwa, biashara ilivunjwa. Tukitaka kuipima ziara ya kutwa, basi tusihesabu saa zake. Tuulize kama yule anayemwingiza mgeni dukani yuko tayari kumwambia kwamba bei hii si ya haki, hata kama kamisheni itampotea.