Kikaango cha Riis na boksi la mwanga la Morogoro

Agosti 19 ni Siku ya Picha Duniani, kumbukumbu ya tarehe ambayo mwaka 1839, mjini Paris, ufundi wa kupiga picha wa Louis Daguerre ulitangazwa hadharani. Siku hiyo sifa zote huiendea kamera, na taa husahaulika. Kijana wa Mji Mpya au Kihonda, mjini Morogoro, anayejifunza kupiga picha bila fedha za taa ya studio huchukua boksi la katoni, akalibandika karatasi ya kung'aa kwa ndani, akatia balbu ya LED na kuufunika mdomo wake kwa kitambaa cheupe. Wapo wanaomcheka. Laiti wangejua ukoo wa taa hiyo! Mimi nimeufuata katika vitabu viwili vya zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Mwaka 1887 Wajerumani Adolf Miethe na Johannes Gaedicke walitengeneza unga wa magnesiamu unaolipuka kwa mwanga mkali. Habari hizo zilimfikia Jacob Riis, mwandishi wa habari za polisi mjini New York, aliyetaka kuonyesha vyumba vya giza walimolala maskini. Kifaa chake cha kwanza kilifyatua unga kama bastola, na watu wakamwogopa. Akakiacha, akachukua kikaango cha jikoni na kuwasha unga humo. Hiyo ndiyo ilikuwa taa yake. Siku moja aliwapiga picha vipofu watano katika chumba cha darini. Macho yake yalipozoea tena giza, akaona makaratasi na matambara ya ukutani yanaungua. Wenyeji wake hawakujua lolote, na kati yao na barabara kulikuwa na ngazi mbovu. Aliuzima moto peke yake, kimyakimya. Alipoteremka na kumsimulia polisi, yule polisi akacheka: nyumba hiyo ilikuwa imeshika moto mara sita msimu wa baridi uliotangulia, haikuungua kwa sababu uchafu wa kutani ulikuwa mzito mno. Picha alizopiga kwa unga huo, na kitabu chake cha mwaka 1890, viliwafumbua macho Wamarekani.

Unga huo ulifika hata nchini kwetu. Mjerumani Carl Georg Schillings aliutumia kaskazini mwa Tanzania ya leo, akatega kamera usiku kwa kamba: simba akimrukia ng'ombe aliyefungwa, kamba inavutika, mwanga unalipuka. Kitabu chake cha mwaka 1905 kilimpa jina kubwa Ulaya. Mizigo yake ilibebwa na wapagazi Waafrika. Kwangu mimi hao ndio mafundi taa wetu wa mwanzo, na inauma kwamba sifa zote zilibaki kwa mwenye kamera.

Balbu za flashi zikaja kuelekea mwaka 1930, mwaka ambao Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Zanzibar. Baadaye ikaja flashi ya umeme, kisha taa ya simu.

Turudi kwenye boksi la katoni: si ujanja wa maskini. Taa ndogo hutoa kivuli kikali. Mwanga ukipitia kitambaa kipana, kivuli hulainika na uso hupendeza. Milima ya Uluguru hufanya kazi hiyo bure kila asubuhi ya ukungu. Ukilisogeza boksi mbali mara mbili, uso hubaki na robo tu ya mwanga, kwa hiyo liwe karibu. Fundi bati anayekata makopo kutengeneza vibatari anaweza kukukunjia kiakisi cha mwanga kutoka kwenye debe. Lakini usitumie balbu za zamani zenye joto kali ndani ya katoni. Moto wa Riis utoshe.

Mkoa wa Morogoro una bwawa la Kidatu, ambalo tangu mwaka 1975 limekuwa likisaidia kuwasha taa za nchi, ila sijaona mahali panapotunza taa za wapiga picha wake. Studio inapofungwa, stendi, miavuli na negativu huishia kwa wauza vyuma chakavu au jalalani. Kama baba au babu yako alikuwa mpiga picha Morogoro na taa aliyojitengenezea bado iko stoo, usiitupe. Ipige picha, kisha andika nyuma ya picha hiyo jina la aliyeitengeneza na mwaka.