Somo la Mbiru kwa Wajenzi wa Viwanja
Kila nisikiapo klabu ikitangaza mpango wa uwanja mpya, huikumbuka Same. Januari 1945 maelfu ya Wapare walishuka milimani hadi makao ya wilaya kuipinga mbiru, kodi iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kukadiriwa pasipo maelewano. Hatimaye mbiru ilifutwa.

Enzi za chama kimoja wananchi walichangia fedha na nguvu kujenga viwanja kadhaa. Vyama vingi viliporejea 1992, viwanja hivyo vilibaki mali ya CCM. Kwa hiyo mwenye kadi ya uanachama au tiketi ya msimu aulize leo, kabla ya msingi kuchimbwa: hati itaandikwa jina la nani?