Viongozi weusi katika vyuo vya wazungu: mfano wa Michigan

Marekani kuna vyuo vilivyoanzishwa kwa ajili ya weusi, kama vile Howard, na kuna vyuo vingi zaidi ambavyo wanafunzi wake wengi ni wazungu. Katika hivi vya pili, mwanafunzi mweusi anayeongoza wenzake huwa na kazi mbili. Kuna masomo, na kuna kuwasemea weusi wote kila linapozuka jambo. Kazi hii ya pili mara nyingi hailipwi wala haihesabiwi katika mtihani.

Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor, chafaa kuangaliwa kwa makini, na sisi wa Mombasa tuna sababu yetu ya kukijua. Machi 1970, wanafunzi weusi waliojiunga chini ya jina la Black Action Movement waligoma. Dai lao kuu lilikuwa weusi wafike asilimia 10 ya wanafunzi. Mgomo uliendelea karibu wiki mbili, na haukuwa wao peke yao: wanafunzi wazungu walisusia madarasa na baadhi ya walimu wakaacha kufundisha. Wakuu wa chuo wakakubali lengo hilo la asilimia 10 na kuahidi fedha za kulitafuta.

Lengo lenyewe halikufikiwa. Kilichobaki ni taasisi, na mojawapo ni kituo cha masomo ya Wamarekani weusi na ya Afrika. Miaka ya 1978 hadi 1981 kituo hicho kiliongozwa na Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, aliyefika Michigan 1974 baada ya kuondoka Makerere wakati wa Idi Amin. Kwa hivyo vijana waliogoma walimfungulia mlango mtu wetu bila kumjua.

Hapo ndipo penye fundisho ambalo wengi hulipita. Kiongozi wa wanafunzi ana miaka minne tu, utawala hukaa. Ofisi ikitaka kuchelewesha jambo, yatosha kungoja wanaodai wamalize masomo. Mwezi wa Novemba 2013, chama cha wanafunzi weusi wa Michigan kilianzisha mjadala wa mtandaoni kuhusu maisha yao chuoni, na Januari 2014 wakatoa madai saba. Moja lilikuwa kuhamisha kituo cha Trotter, nyumba ya kukutania ambayo ilikuwa mbali na katikati ya chuo. Jengo jipya lilifunguliwa 2019. Waliolidai, wengi wao walikuwa wamekwisha kwenda zao.

Msaada wa maana basi ni ule unaobaki mwanafunzi akiondoka: mfanyakazi wa kulipwa anayetunza kumbukumbu za makubaliano, ahadi zilizoandikwa pamoja na tarehe, na posho kwa wanaoketi kwenye kamati. Kumpiga kiongozi picha kwa ajili ya kitabu cha matangazo ya chuo si msaada.

Kuna pia ulinzi. Tarehe 1 Mei 2017, siku ya kwanza ya Taylor Dumpson kama rais wa serikali ya wanafunzi katika American University, Washington, mwanamke mweusi wa kwanza kushika cheo hicho, ndizi zilikutwa zimening'inizwa kwa vitanzi chuoni. Kisha mwenye tovuti moja ya Wanazi mamboleo akawachochea wafuasi wake wamwandame mtandaoni. Dumpson alipata mawakili wa shirika la haki za kiraia, akashtaki, na 2019 mahakama ikaamuru alipwe zaidi ya dola 700,000. Bila mawakili wale angebaki na barua ya pole tu.

Hali sasa imekuwa ngumu zaidi. Wapigakura wa Michigan walipiga marufuku kuzingatia rangi katika kuwapokea wanafunzi wa vyuo vya umma mwaka 2006, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikafanya karibu vivyo hivyo kwa nchi nzima Juni 2023. Machi 2025 Michigan ilitangaza kufunga ofisi yake ya usawa na ujumuishaji. Mzigo unarudi mabegani mwa wanafunzi.

Wazazi wa huku wanaopeleka watoto wajue hili. Kijana anayejulikana Kisauni kama Mdigo au Mbajuni, akifika kule huitwa mweusi, basi. Akichaguliwa kuongoza, usimwambie tu asome aachane na siasa. Muulize ni nani chuoni anayemsimamia, kama kuna mwalimu anayeweza kumwendea usiku wa shida, kama anahifadhi ujumbe wa vitisho anaotumiwa, na kama bado analala vizuri.