Kisukuku na mashapo yake

Ukisimama Irente, Lushoto, ukaangalia tambarare ya Mazinde kule chini, umekanyaga mwamba wenye umri wa zaidi ya miaka milioni 500. Wengi hudhani mwamba mkongwe kiasi hicho haukosi visukuku. Hauna hata kimoja, kwa sababu umri peke yake hauzai kisukuku.

Kisukuku ni mabaki au alama ya kiumbe cha kale iliyohifadhiwa katika mwamba: mfupa, jani, hata unyayo. Wapo wanaoandika "masalia". Mimi nashikilia kisukuku, maana masalia ni chochote kilichobaki, hata kigae cha chungu au mfupa wa mbuzi aliyechinjwa juzi.

Istilahi hii haieleweki bila mwenzake, mashapo, yaani tope, mchanga na majivu yanayotuama chini ya maji kama unga wa kahawa unavyotuama kikombeni. Yakirundikana na kugandamizwa, huwa mwamba mashapo, na humo ndimo visukuku hutunzwa. Lakini miamba ya Usambara, milima ya huko Lushoto, ilizama kina kirefu ardhini, ikapikwa kwa joto na mgandamizo hadi madini yake yakaumbika upya. Punje nyekundu za ganeti ni ushahidi wa hayo. Mabaki ya kiumbe hayavumilii mageuzi ya namna hiyo.

Tazama sasa Mahenge, magharibi mwa mji wa Singida (si Mahenge ya Morogoro). Miaka kama milioni 46 iliyopita volkano ililipuka pale ikaacha kasoko, nayo kasoko ikajaa maji. Ziwa lilikuwa dogo lakini lenye kina, na maji ya chini yalikosa oksijeni. Samaki aliyekufa alizama mahali ambapo hapakuwa na mla mizoga wa kumtawanya. Tope laini likamfunika, tabaka jembamba juu ya tabaka. Maji yaliyopenya humo yalileta madini yakajaza vitundu vya mifupa. Jani likabaki utando mweusi wa kaboni. Ndiyo maana ukipasua jiwe la Mahenge unaweza kumkuta samaki mzima, miiba na mapezi yakiwa mahali pake.

Humo wametoka Mahengechromis, ndugu wa kale wa perege na sato, ambao ni miongoni mwa visukuku vikongwe zaidi vya jamii hiyo vinavyojulikana duniani. Ametoka pia popo, Tanzanycteris mannardi, aliyetangazwa mwaka 2003. Kiungo cha sikio lake la ndani ni kikubwa, dalili kwamba aliwinda kwa kusikiliza mwangwi wa sauti yake mwenyewe. Kiumbe wa angani amesalia kwa sababu tu alizama ziwani.

Hata Mkoa wa Tanga, ilimo Lushoto, haukunyimwa. Huko pwani, mashapo ya zama za Permi hayakuzama yakapikwa kama miamba ya milimani. Yalimtoa Tangasaurus, mtambaazi aliyepewa jina na mtaalamu wa visukuku Haughton mwaka 1924. Mkia wake ulikuwa bapa ubavuni, wa kuogelea. Mwalimu wa Lushoto anayetaka kuwaonyesha wanafunzi aina ya mwamba unaotunza visukuku, basi awashushe Tanga.