Ligamenti ya ndani ya goti: tiba bila upasuaji

Ni matibabu ya mwanamichezo ambaye ligamenti inayounganisha mfupa wa paja na muundi, upande wa ndani wa goti, imechanika nusu. Mara nyingi goti limegongwa kutoka nje. Ligamenti hii hupata damu ya kutosha, hivyo nyuzi zake huweza kujiunga zenyewe. Ile ya msalaba ya mbele, iliyo katikati ya goti, haina bahati hiyo.

Daktari hukunja goti digrii 30 na kusukuma mguu kwa nje: likifunguka kidogo kisha likakwama, ligamenti haijakatika yote. Siku za mwanzo hutumika barafu iliyofungwa kitambaani, magongo, na gango lenye bawaba linaloruhusu goti kukunjika bila kuyumba pembeni. Plasta ngumu haifai, maana goti lisilotembezwa hukakamaa na misuli ya paja husinyaa. Hufuata kukaza paja, baiskeli ya mazoezi, kukimbia moja kwa moja, na mwisho kabisa kukata kona.

Wengi hurudi uwanjani ndani ya wiki 4 hadi 8. Asirudishwe mtu kwa sababu ya mechi kubwa: maumivu huisha kabla nguvu haijarudi. Goti likiendelea kulegea, daktari wa mifupa hulipima upya.