Mwanafunzi na Saa Zake za Faragha

Mzazi wa pwani akimwona mwanawe amerudi kutoka shule, hana haja ya kujiuliza jioni ya mtoto itapita vipi. Mtoto atakula, atavua sare, atakwenda chuoni, kisha atacheza na wenzake mpaka adhana ya magharibi. Ratiba hii tumeirithi kwa babu zetu, na kwa kuwa tumeirithi hatuioni thamani yake. Lakini mtoto wa shule ya kutwa aliye mbali na bahari naye ana jioni yake. Ni nani aliyempangia? Tupate jibu katika historia ya nchi moja ya bara, kwani mwenye busara hujifunza kwa nyumba ya jirani.

Nchi hiyo ni Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale, katika Mkoa wa Geita ulioanzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo ilihesabiwa katika Mkoa wa Mwanza, na kwa upande wa kusini inapakana na Shinyanga. Wakazi wake wengi ni Wasukuma, watu wa ng'ombe, mahindi na pamba. Na chini ya ardhi ya ukanda huo kuna dhahabu. Ng'ombe, shamba na dhahabu: hivi ndivyo vilivyoshindana na daftari juu ya saa za mtoto.

Moto wa jioni

Zamani, kabla shule hazijaenea, mtoto wa kiume wa Kisukuma alishinda malishoni. Huko alifanya kazi na kucheza kwa wakati mmoja: alichunga, alilenga shabaha kwa fimbo, alishindana mbio. Msichana alikuwa na mama yake, kwenye maji, kuni na kinu. Jua likizama, wanaume wa mji waliketi kuuzunguka moto uitwao shikome. Hapo vijana walisikia habari za ukoo, walifundishwa adabu, na walikanywa waliokosa. Watoto walitegeana vitendawili: huku kwetu husemwa "kitendawili" na kujibiwa "tega", na kwao husemwa "kalagu" na kujibiwa "kize". Wakubwa walicheza bao, ambalo wao huliita isolo. Na mavuno yakiisha, ngoma za Bagika na Bagalu zilishindana mbele ya umati.

Tusidhani kwamba ule ulikuwa mchezo mtupu. Faragha ya kijana ilikuwa na mlinzi, na mlinzi huyo alikuwa mzee aliyeketi motoni.

Kengele ya shule

Wakati wa ukoloni shule zilikuwa chache, na wengi waliobahatika kusoma waliishia darasa la nne. Aliyefaulu kwenda mbele, mara nyingi aliondoka kwao akalala bwenini. Baada ya uhuru wa mwaka 1961 mambo yalianza kubadilika. Mwaka 1967 ikatangazwa siasa ya Elimu ya Kujitegemea, na shamba la shule likaingia katika siku ya mwanafunzi. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likaagiza kwamba kila mtoto aliyefikia umri apate nafasi ya elimu ya msingi ifikapo Novemba 1977. Na sheria ya mwaka 1978 ikamlazimu mzazi kumpeleka mwanawe shule. Hivyo mchungaji wa jana akawa mwanafunzi. Asubuhi ilikuwa ya mwalimu, na alasiri ikarudi kwa ng'ombe, kwa kuchuma pamba, na kwa mpira wa matambara.

Badiliko kubwa zaidi lilikuja baadaye. Kuanzia mwaka 2004, kwa mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, zilijengwa shule za kata nchi nzima, na mwaka 2016 ada ikafutwa mpaka kidato cha nne. Hii ni neema kubwa, nani atakayeikana? Lakini tuangalie jambo moja ambalo halikusemwa sana. Zamani kijana wa miaka kumi na mitano aliyefika sekondari alilelewa na bweni: kengele ya kuamka, saa ya kujisomea, saa ya kulala. Shule ya kata ilimrudisha kijana huyo nyumbani. Na nyumba ilirudishiwa kazi ya malezi wakati moto wa shikome umekwisha kuzimika katika nyumba nyingi, na mahali pake pamechukuliwa na redio, kibanda cha video, na mwishowe simu ya mkononi.

Shimo linalongoja

Laiti ingekuwa simu peke yake! Wajerumani waliiona dhahabu ya Geita mwaka 1898, na mgodi mkubwa ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 mpaka mwaka 1966. Tangu miaka ya 1980 ilipokaribia kwisha, wachimbaji wadogo wameongezeka sana katika ukanda huu, na mwaka 2000 mgodi mkubwa wa Geita ukafunguliwa upya. Kwenye machimbo madogo mtoto hahitaji cheti. Anaweza kuponda mawe, kubeba mchanga, au kuchanganya zebaki kwa mikono mitupu, na jioni hiyohiyo akashika fedha. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto wa machimbo ya Tanzania, pamoja na ya Geita, na wengine walikuwa na umri wa miaka minane tu. Zebaki huharibu ubongo na fahamu, na mtoto ndiye adhurikaye zaidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtia mtoto katika kazi ya migodi. Lakini je, askari ataketi katika kila nyumba saa tisa alasiri?

Wala msichana tusimsahau. Kaka yake akienda mpirani, yeye hungojwa na ndoo, kuni na mdogo wake wa kubeba. Taa ikiwashwa, amekwisha choka. Kisha tunamlaumu kwamba hapendi kusoma! Tumwulize kwanza mama yake, na baba yake pia: ni saa ngapi za siku tulizomwachia?

Somo kwetu

Basi tusiwatazame wenzetu wa Kharumwa kwa jicho la kuwahurumia, maana shimo lina majina mengi. Kwetu pwani shimo laweza kuwa barazani penye maneno machafu, au ufukweni kwa mgeni mwenye fedha. Mtoto asiyepangiwa na wazazi hupangiwa na wengine.

Kumlinda mtoto si kumnyima mchezo. Mzee wa shikome hakukataza ngoma wala bao. Aliketi karibu tu. Kazi ya nyumbani igawanywe sawa kati ya kaka na dada, mpira uwe na saa yake, daftari liwe na saa yake, na baada ya chakula cha usiku mkubwa mmoja wa nyumba aketi na watoto, asimulie na asikilize. Jambo hilo halina ada. Wasukuma walilifanya kwa kuni chache, nasi tuna taa.